Bi Umejuaje na Ndiyo ya Darasa Zima

Ifikapo tarehe 30 Juni, mwalimu wetu wa hisabati, ambaye shule nzima inamwita Bi Umejuaje, atastaafu baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, ishirini na tisa kati yake katika shule hii hii. Amefanya kazi chini ya wakuu wa shule sita, amehamishwa vyumba mara nyingi kuliko madawati, na hajawahi kuchelewa kipindi isipokuwa siku ile kitasa cha choo cha walimu kilipogoma, ikabidi fundi aitwe.

Wageni hudhani kwamba Umejuaje ni jina la ukoo wake. Sivyo. Ni swali lake, na kwa mtu anayefundisha sarufi kama mimi ni swali zuri sana. Ni neno moja tu, lakini ndani yake mna mtenda, mna wakati, mna kitendo na mna kiulizi. Hakuna kilichopungua wala kilichozidi. Kamati ya sherehe iliandika "Umejua je" kwa maneno mawili katika kadi za mwaliko. Kadi hizo zimerudishwa kwa mpiga chapa.

Jina hilo alilipata mwaka wake wa kwanza hapa, katika kikao cha mwisho wa muhula. Mwalimu wa kemia, ambaye sauti yake husikika hadi getini hata anaponong'ona, alisimama akatangaza kwamba kidato cha pili, mkondo wa mwisho, hawafundishiki.

"Wale ni wavivu," alisema. "Wavivu wa kuzaliwa. Ukiingia kipindi cha kwanza unakuta nusu yao wanasinzia."

Walimu wakatikisa vichwa kukubali, kama ilivyo kawaida ya vikao vinavyokaribia saa ya chakula. Mwalimu mgeni wa hisabati, aliyekuwa hajamaliza hata kuyashika majina yetu, akauliza kwa upole, "Umejuaje, kaka?"

"Nimejuaje? Si ndio ninaowafundisha!"

"Kwamba wanasinzia, umeona. Nauliza umejuaje kwamba ni uvivu."

Mwalimu wa kemia alisema kwamba hajawahi kuhojiwa na mgeni kama mtoto aliyevunja sahani, akaketi kwa kishindo. Lakini swali lilikuwa limemwingia. Wiki iliyofuata alifika shuleni mapema kupita kawaida yake, jambo ambalo mlinzi alilitilia shaka, akakaa kwenye kibaraza cha maabara kutazama. Aliwaona wanafunzi wa mkondo ule wakichota maji kwenye tangi la bondeni na kupanda nayo ngazi hadi jikoni, ndoo baada ya ndoo, mpaka kengele ya kipindi cha kwanza ilipolia. Mikondo mingine ilikuwa madarasani ikijisomea. Alipouliza ni nani aliyewapangia kazi ile kila siku, kiranja wao alimjibu kwa adabu zote: "Ni wewe, mwalimu."

Naam. Zamu za maji na usafi zilikuwa mikononi mwa mwalimu wa kemia mwenyewe, naye aliwapa ndoo wale wa mkondo wa mwisho kwa hoja kwamba hawana cha kupoteza.

Alizibadilisha zamu hizo siku hiyohiyo. Kisha, kwa hasira ya mtu aliyeonyeshwa miwani iliyokuwa machoni pake, akaanza kumwita mwenzetu Bi Umejuaje kwa kejeli. Kejeli haikudumu, jina likadumu. Nao wawili wakawa marafiki wa kubishana kila siku hadi leo.

Mtu wa kuwauliza wenzake maswali hakosekani mahali popote pa kazi, na mara nyingi watu humkimbia. Bi Umejuaje hakukimbiwa kwa sababu swali lake kubwa kuliko yote alijiuliza mwenyewe, tena hadharani.

Siku moja alikuwa akifundisha namba hasi. Kwa kupitiwa tu, akaandika ubaoni kwamba hasi mara hasi ni hasi. Akaeleza, akapigia mstari, akageuka na kuuliza kama tunavyouliza sote: "Tumeelewana?" Darasa zima likaitika, "Ndiyooo!" Kosa aliliona alipokuwa akifuta ubao. Mwalimu mwingine angelisahihisha kimyakimya na kushukuru kwamba mkaguzi hakuwapo. Yeye alilisahihisha kwanza, kisha akaenda mkondo wa pili na kuliandika kosa lilelile kwa makusudi. "Tumeelewana?" "Ndiyooo!" Kwa furaha ileile, na kwa kuivuta o ileile.

Aliingia ofisi ya walimu na vumbi la chaki mpaka kwenye nyusi. "Jamani," alisema, "leo nimefundisha uongo mara mbili, na nimekubaliwa mara mbili."

Mkuu wa shule wa wakati huo aliinuka akafunga mlango. "Mama, hayo wazazi wasiyasikie."

"Wazazi nao huwa tunawauliza kama wameelewa," alimjibu. "Wanasemaje?"

Walimu hawakusadiki. Kila mmoja alidai kwamba darasa lake yeye lingemnasa papo hapo. Wakaanza kujaribu, kwa sharti moja ambalo Bi Umejuaje alilisimamia kwa ukali: kosa lisahihishwe kabla ya kengele. Mwalimu wa historia aliugeuza mwisho wa vita ukawa mwanzo wake, akaitikiwa ndiyo. Mwalimu mmoja wa Kiswahili aliandika kwamba wingi wa ua, lile linalonukia bustanini, ni nyua. Aliitikiwa ndiyo, na msichana mmoja mwenye bidii akaongeza mfano wa sentensi: "Bibi harusi ameshika nyua nyekundu mkononi." Mwalimu wa kemia aliwaambia vijana wake kwamba maji huganda yakichemka. Alipoitikiwa, alitoka nje akaketi kwenye ngazi za maabara, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyemsikia.

Hapo Bi Umejuaje akatuonyesha kitu ambacho hata sisi wa lugha tulikuwa tukikipita kila siku. Tumeelewana ni neno la pande mbili. Kiambishi kile, -an-, kinadai kwamba mimi nimekuelewa na wewe umenielewa. Sisi tulilitumia kama kengele ya kufungia kipindi, tukiwa hatujamsikiza mtu yeyote. Na ndiyo ya wanafunzi haikuwa jibu hata kidogo. Ilikuwa kiitikio, kama mtu aliyepigiwa hodi akiwa bado kitandani: husema karibu, na mlango umefungwa kwa komeo.

Tangu siku hiyo aliliacha swali lile. Badala yake aliwaomba wanafunzi wawaeleze jirani zao kwa maneno yao wenyewe, naye akawa anapita kati ya madawati akisikiliza. Mara moja kwa wiki aliandika ubaoni hesabu yenye kosa na kusema, "Kuna mahali nimewadanganya. Nishikeni." Mwanzoni waliogopa. Baadaye ilikuwa vigumu kuwanyamazisha, na mwalimu wa darasa la jirani alileta malalamiko rasmi kuhusu kelele za furaha katika kipindi cha hisabati. Hakuna kumbukumbu ya malalamiko mengine ya namna hiyo katika historia ya shule.

Ndivyo kilivyozaliwa Kikao cha Alhamisi. Kilianza katika stoo ya mipira, baada ya vipindi, walimu wanne wakikalia magodoro ya mazoezi yaliyonuka jasho. Masharti yalikuwa machache. Usilete lalamiko ambalo hujaligeuza kuwa swali. Usiulize juu ya mwanafunzi kabla hujauliza juu yako. Ukishauliza, nenda katazame, kisha urudi utuambie ulichokiona, hata kama kinakuaibisha. Mwalimu wa Kiingereza aligundua kwamba kwa mwezi mzima alikuwa akiwainua kujibu wale tu waliokaa karibu na dirisha, kwa sababu upande ule ndiko alikopata upepo. Mwalimu wa sanaa aligundua kwamba aliwasifu wanafunzi kwa unadhifu wa karatasi zao na hakuwahi kumsifu yeyote kwa wazo. Wote wawili walicheka, wakabadilika.

Si kila mtu aliyefurahi. Mkaguzi mmoja alipokuta mwalimu amekaa nyuma ya darasa la mwenzake akitazama, alitaka kujua kosa gani limetendeka. Alipoelezwa, alikunja uso. "Utafiti una wenyewe," alisema. "Nyinyi mmeajiriwa kufundisha." Bi Umejuaje alimwambia kwamba ni kweli kabisa, mheshimiwa, nao wanachotaka kujua ni kama wanafundisha. Mkaguzi aliondoka bila kuandika lolote, na kwa mkaguzi hiyo ni sifa.

Ni haki kusema pia kwamba matokeo ya mitihani yalipanda miaka fulani na yakashuka miaka mingine. Pale yalipopanda, baadhi yetu tulitaka kutangaza kwamba Kikao cha Alhamisi ndicho kilichoyapandisha. Aliyetukataza ni yeye. Unaweza kukisia kwa swali gani.

Jambo linalofanya wasifu huu uandikwe kwa shukrani kubwa kuliko wasifu wa kawaida lilitokea mwaka juzi.

Mkuu wetu wa shule wa sasa alikuwa ndiyo kwanza ameripoti. Ni mtu wa kazi na hapendi kupoteza muda. Alitueleza waziwazi kwamba stoo ya mipira inatakiwa kwa ajili ya kompyuta, na kwamba kwa maoni yake Kikao cha Alhamisi ni mama mmoja na mashabiki wake. Akistaafu yeye, kikao kimestaafu. Maneno hayo yalimchoma Bi Umejuaje. Hakuogopa kustaafu. Aliogopa kwamba mambo ya miaka yote hiyo yangefungwa pamoja na mkoba wake siku ya kuaga, na walimu wangerudi kuwaita watoto wavivu kabla chai ya sherehe haijapoa.

Kwa hiyo Alhamisi iliyofuata alisimama mbele yetu akatuuliza kwa sauti ya mtu anayeomba: "Wenzangu, nikiondoka mtaendelea?"

Tukaitika wote kwa pamoja, kwa moyo wote: "Ndiyooo!"

Akashusha pumzi. Akatushukuru. Alikuwa ameanza kukusanya vitu vyake wakati mwalimu wa jiografia, binti aliyekuwa na mwaka mmoja tu kazini, alipoinua mkono.

"Samahani, mama," alisema. "Umejuaje?"

Mwalimu wa kemia akasema, "Alaa!" Mtu mmoja akacheka, akaacha katikati. Bi Umejuaje alivua miwani, akaifuta kwa kanga yake, akaivaa, akaivua tena. Sote tulikuwa tumesikia sasa ile o tuliyoivuta.

"Sijui," alisema hatimaye. "Haya, binti yangu. Kajue."

Binti akaenda. Muhula mzima alikaa katika vikao vyetu akisikiliza zaidi ya kusema, na nje ya vikao alituuliza mmoja mmoja, kwenye foleni ya chai, kwenye korido, tukingoja mvua ipite. Mwisho wa muhula alisimama akatueleza alichokiona. Alisema kwamba karibu kila jambo katika kikao chetu liliisha pale Bi Umejuaje alipotoa maoni yake. Alisema kwamba walimu wengi walichagua maswali ambayo walidhani yangempendeza. Alipowauliza kwa nini wanahudhuria, wengi walimjibu kwamba ni kwa heshima ya mama. Na alitukumbusha kwamba Bi Umejuaje alipofanyiwa upasuaji wa goti akawa nje kwa wiki kadhaa, kikao hakikukutana hata mara moja, kila mtu akingoja mwenzake aitishe.

"Kwa hiyo, mama," alimalizia, "mimi naona sisi ndio tumekuwa darasa lako."

Bi Umejuaje alimshukuru kwa neno moja, akachukua mkoba wake akatoka. Alhamisi iliyofuata hakuja, wala ile ya pili yake.

Lawama zilizomwangukia yule binti siku hizo hazisemeki. "Umemuudhi mzee wa watu," aliambiwa. "Amebakiza muda kidogo, ungemwacha amalize kwa amani." Wengine waliacha kumpisha kwenye foleni ya chai. Mwisho mwalimu wa kemia, asiyeweza kunyamaza muda mrefu, alimfuata Bi Umejuaje darasani alikokuwa akisahihisha mazoezi.

"Dada, umetususia?"

"Sijasusa."

"Basi mbona huji?"

"Nilipougua goti hamkukutana," alimwambia bila kuinua kichwa. "Sasa nataka kujua kama ni kwamba hamkuweza au ni kwamba hamkujaribu. Nikija, nitajuaje?"

Mwalimu wa kemia alirudi ofisini akalitangaza jibu hilo kwa sauti ambayo hata wapishi waliisikia. Alhamisi iliyofuata walikutana watu wanne, kama mwanzo, bila kuitishwa na yeyote. Walibishana vikali kuhusu adhabu ya kuwafungia nje wanafunzi wanaochelewa, wakagawanyika wawili kwa wawili, wakaondoka kila mtu na kazi ya kwenda kutazama. Wiki iliyofuata walikuwa saba. Mkuu wa shule naye alipita kuona kama stoo imeanza kuhamwa, akasimama mlangoni akisema kwamba kufungiwa nje kunawafunza watoto kuwahi. Mwalimu wa sanaa, mtu mpole ambaye hatukuwahi kumsikia akimpinga yeyote, akamgeukia na kumuuliza amejuaje. Ni haki kumsifu mkuu: asubuhi iliyofuata alikuwa getini mwenyewe, akiwauliza wanaochelewa wanatoka wapi na wanafanya nini kabla ya kuja shule. Geti halijafungwa mbele ya mwanafunzi tangu wakati huo.

Bi Umejuaje alirudi kimyakimya wiki kadhaa baadaye. Alikuta mahali pake pa mbele pana mkoba wa mtu, na hakuna aliyeuondoa, maana watu walikuwa katikati ya ubishi na hawakumwona. Alijipatia kiti karibu na mlango, penye upepo mbaya kwa goti lake, akakaa. Wanaosema kwamba alilia wamekosea. Aliyekaa jirani yake anashuhudia kwamba alikuwa akitabasamu kama mtu aliyesikia mtoto akitembea chumba cha pili.

Kiti hicho cha mlangoni ndicho alichokalia tangu siku hiyo hadi leo. Husema akiulizwa tu. Stoo ya mipira hatukuipata. Kompyuta zimeingia, na kikao kimehamia maktaba, ambako mkutubi hutunyamazisha bila mafanikio. Mwalimu wa jiografia hupishwa tena kwenye foleni ya chai, na mara nyingine huwekewa kiazi cha ziada.

Kwa familia yake tunasema asante kwa kutuazima mtu huyu. Mume wake, dereva wa lori aliyestaafu kabla yake, ametueleza kwamba nyumbani mambo ni yaleyale. "Mimi nikisema mvua itanyesha naulizwa nimejuaje. Siku hizi natoka nje kwanza, natazama, ndipo nasema." Mjukuu wake wa miaka minne amekwisha kuurithi ugonjwa. Majuzi bibi yake alipomwambia kwamba ameshiba, aache kuchezea chakula, alimtazama akasema, "Umejuaje, bibi? Tumbo si langu?" Tunaambiwa kwamba aliongezewa wali.

Mwongozaji wa sherehe anaombwa asiuulize ukumbi kama tunampenda mwalimu huyu. Anajua tutaitika nini, na anajua thamani ya kiitikio hicho. Badala yake, kila mmoja atakayepewa nafasi amweleze Bi Umejuaje jambo moja analolitenda leo darasani kwa namna tofauti na zamani, na aseme amejuaje kwamba ni bora.

Mwalimu, tunakushukuru kwa maswali uliyotuuliza, na zaidi kwa lile moja ulilokubali kuulizwa. Pumzika vyema, ulitunze goti, ufurahie siku zako pamoja na mzee na wajukuu kwa afya na amani. Ulituuliza kama tutaendelea. Safari hii hatutaitika. Alhamisi ya kwanza baada ya wewe kuondoka, mlango wa maktaba utakuwa wazi na kiti chako kitakuwa kando yake. Pita siku yoyote utakayo, bila kutuarifu, ukae, utazame. Ndipo utakapojua.